Minerai Mu Bukari

Taya la Numbi lilivunjika Jumanne asubuhi, kabla ya saa nne, na aliyelivunja alikuwa mama mukwe wake. Waliosikia kutoka nyumba ya jirani walisema sauti yake ilikuwa kama muhogo mkavu ukivunjwa gotini. Wengine walisema ilikuwa kama bilauri. Hao wa bilauri walikuwa mbali, tusiwasikilize.

Clotilde mwenyewe hakusikia kitu. Alikuwa na kazi. Alikuwa anatafuta mahali pengine pa kupiga.

Ili ujue uzito wa jambo hili, ujue kwanza kwamba kwa miaka minne Clotilde hakuwa amemtazama Numbi usoni hata mara moja. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima. Kwao Waluba, mama na mume wa binti yake hawaonani macho, hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani kila mmoja anapinda kona, hata kama kona haipo. Zamani ilikuwa rahisi, kila mtu na kijiji chake. Lakini hapo Shituru, mtaa wa mji wa Likasi, nyumba ni zile za kampuni za tangu zamani, vyumba viwili na jikoni nyuma. Laure, binti wa pekee wa Clotilde, alipoolewa na mchimbaji wa mikono, creuseur asiye na hata bati moja lake, bwana aliletwa akae chumba cha mbele, na mama akahamia cha nyuma. Katikati palikuwa na ukuta wa tofali moja.

Basi Clotilde alijifunza kutembea akitazama chini. Alizijua buti za Numbi kuliko alivyoujua uso wake. Akiwa na neno la kumwambia, aliliambia mbabula, lile jiko la makaa lililokaa uani: "Weye mbabula, ambia ule bwana, bati iko navuja." Numbi naye, akiwa amegeukia ukuta, alijibu: "Mbabula, ambia mama, nitapanda kesho." Kwa njia hiyo nyumba ilikaa kwa amani. Numbi alikuwa mtu wa ngumi, mjini wote walimjua, lakini ngumi zake alizimalizia huko mashimoni, nyumbani alirudi na vidole vimevimba na moyo umepoa.

Kisha Laure akapata mimba, na mimba ilipofika mwezi wa saba, Laure akaanza kuisha.

Hakukonda. Aliisha rangi. Ukivuta ukope wake chini, ndani palikuwa peupe kama karatasi ya daftari. Akitoka chumbani kwenda chooni, alipumzika njiani mara mbili, kama mzee aliyebeba gunia. Na mdomo wake haukukosa pemba, ule udongo mweupe ambao wanawake wenye mimba huununua sokoni kwa madonge na kuutafuna kama biskuti. Laure aliutafuna asubuhi, akautafuna mchana, akalala nao shavuni. Clotilde, anayeuza mboga na samaki wa ziwa Tshangalele, alikuwa akimletea lengalenga na matembele kila jioni, lakini Laure alionja mara moja akasukuma sahani, akarudia udongo wake.

Clotilde akampeleka hospitali, kwa Danielle, muuguzi wa upande wa wazazi. Danielle alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kumtosha mnene. Alimchoma Laure kidole, akaweka tone ndani ya kamashine kake, kamashine kakasema sita.

Danielle alieleza polepole, kwa maana alijua watu husikia robo. Alisema damu ndiyo inayobeba pumzi, na ndani ya damu kinachoshika pumzi ni chuma. Chuma kikikosa, mtu anavuta hewa bure, haifiki popote. Na chuma peke yake hakitoshi, kinataka wenzake: vitamini ya majani, ile ya nyama na samaki, na ndimu kidogo juu ya chakula, kwa sababu ndimu ndiyo inamfungulia chuma mlango wa kuingia mwilini. Chai ya kunywea chakula inaufunga mlango huo. Pemba inaufunga kwa kufuli. Akatoa vidonge vyekundu vya mwezi mzima, akaonya kwamba vitafanya choo kiwe cheusi, wasiogope. Halafu akamtazama Clotilde.

"Mama, na damu ya sita hapana kuzaa," alisema. "Mutoto atatoka, damu itatoka, na ya kubakia hapana. Minye nataka kumi. Tuko na wiki munane."

Wiki nane, na kutoka sita kwenda kumi. Hiyo ndiyo ilikuwa vita, na Clotilde alitoka pale akiihesabu kwa vidole.

Kosa lilianzia kwenye karatasi. Danielle aliandika kwenye kadi ya Laure, kwa Kifaransa cha haraka, kwamba mgonjwa anakosa *minéraux*, yale madini ya mwilini. Numbi alifika darasa la tano. Alishika kadi, akafuata herufi na kidole, akasoma: *minerai*. Na Likasi neno hilo halina habari na sahani. Likasi minerai ni jiwe, lina mfuko wake, lina sururu yake, lina lori linalosubiri.

Numbi alikaa kitandani na ile kadi muda mrefu. Yeye, fundi wa minerai, mtu wa kushuka mita ishirini chini ya ardhi kwa kamba, bibi yake Laure anakufa kwa kukosa minerai. Ilikuwa sawa na mke wa mvuvi kufa kwa hamu ya samaki. Kesho yake alimweleza Willy, mwenzake wa shimo, akitafuta huruma. Willy akacheka mpaka akakaa chini.

"Basi ile unatoaka kila siku," Willy akauliza, "unapelekeaka bibi gani?"

Numbi alimpiga na mpini wa sururu. Willy alimrudishia kwa jiwe. Walipigana katika vumbi jekundu mpaka sikio la Willy likachanika na nyusi ya Numbi ikafunguka kama mdomo wa pili, kisha wakaosha damu kwa maji ya dumu moja, wakanywa munkoyo kwa kikombe kimoja. Urafiki wa mashimoni uko hivyo. Na Willy, akishika sikio lake kwa kitambaa, akataka kulipa wema. Akafungua simu, akatafuta, akasoma kwa sauti: ndani ya vitamini moja, ile ya kumi na mbili, kuna cobalt.

Jambo baya ni kwamba ilikuwa kweli. Kama Willy angesoma uongo, labda Numbi angekataa.

Siku ya tatu ya vidonge, choo cha Laure kikawa cheusi kama makaa. Alikuwa ameona haya kumweleza mume wake mambo ya chooni, na angemweleza nani, hata mbabula haibebi maneno hayo. Lakini shimo lao la choo lilikuwa limejaa karibu na juu, na creuseur hawezi kupita shimo bila kuangalia ndani. Numbi aliangalia. Akaona bibi yake anaoza tumboni. Akachukua vidonge vyote vyekundu, akavitupa mle mle shimoni, kisha akaenda hospitali akiwa amekunja mikono ya shati.

Alimkuta Danielle anapima mimba ya mtu mwingine. Alipindua meza, kadi zikaruka, mizani ya watoto ikagonga ukuta. Akamshika Danielle kwa kola ya blauzi nyeupe akimuuliza anamlisha bibi yake sumu gani. Danielle alinyoosha mkono nyuma yake, akapata kile kibao kirefu cha kupimia urefu wa watoto, akakipasua juu ya kichwa cha Numbi vipande viwili. Mlinzi akammalizia mlangoni kwa buti. Numbi alirudi nyumbani na nundu, na uamuzi.

Alisema mwenyewe baadaye, alipopata tena mdomo wa kusemea, namna alivyofikiri. Infirmière, yule muuguzi, alitaka vitu vya kijani. Jiwe lake lilikuwa kijani kuliko majani yote ya soko, kijani cha matembele yaliyonyeshewa. Infirmière alitaka minerai. Simu ilisema cobalt iko ndani ya vitamini. Sasa mbona kuzunguka, mbona kununua kwenye karatasi kitu ambacho muntu anakitoa ardhini kwa mikono yake? Alichagua jiwe zuri, safi, lisilo na mchanga. Clotilde alipokuwa sokoni, alilitwanga ndani ya kinu chake, kinu cha kutwangia sombe, majani ya muhogo, akachekecha kwa kitambaa, akapata unga laini wa kupendeza.

Siku ya kwanza alitia kwenye bukari, ugali wa Laure, ncha ya kisu. Laure akasema bukari iko na ladha ya ufunguo. Siku ya pili akatia zaidi, na tumbo la Laure likaanza kujinyonga, naye Numbi akafurahi, akidhani nguvu zimeanza kusukumana na ugonjwa. Kutoka chumba cha nyuma Clotilde alisikia mtoto wake anatapika. Akatoka uani, akatazama chini.

"Weye mbabula," alisema, "uliza ule bwana, juu ya nini Laure iko natapika vile?"

"Mbabula, ambia mama, dawa iko natumika."

Mbabula ilipeleka ujumbe kama ulivyo. Clotilde alidhani ni vidonge vyekundu. Akaenda kulala.

Jumanne alitaka kutwanga sombe kabla ya kwenda sokoni. Aliinamia kinu, akaona kwenye nyufa za mti vumbi la kijani. Alipitisha kidole, akalamba, akatema. Clotilde alizaliwa Likasi, baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba mpaka mapafu yake yalipokataa. Vumbi hilo alilifahamu tangu alipokuwa anafua maji ya kijani kutoka kwenye kaptula za baba. Alisimama pale, mwichi wa kutwangia mkononi, akili inapanda kuelekea jambo ambalo haikutaka kulifikia. Ndipo Laure alipopiga kelele chumba cha mbele, na kelele ikakatwa katikati, kama mtu amezibwa mdomo.

Tangu ahamie nyuma, chumba hicho Clotilde hakuwahi kukiingia. Hakufungua mlango, aliingia nao.

Laure alikuwa chali, juu ya mkeka, katikati ya matapishi ya kijani kama rangi ya dirisha. Numbi alikuwa amebana mikono yote miwili ya Laure chini ya goti, kwa mkono mmoja amemfinya pua ili mdomo ufunguke, kwa mwingine anasukuma kijiko. Sahani ya bukari ya kijani ilikuwa pembeni. Na Numbi alikuwa analia. Machozi yalikuwa yanamdondokea Laure usoni, naye anarudia kwa sauti ya kubembeleza, "Kula, mama, kula, ni ya mutoto, kula."

Clotilde alimtazama usoni. Alikuwa na ndevu chache, sura ya mtoto. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuijua.

"Numbi," alisema. "Shuka juu ya mutoto yangu."

Sasa ona jinsi heshima inavyomfanya mtu. Numbi, kusikia sauti ya mama mukwe chumbani, hakukimbia na hakujitetea. Aliona haya. Akanyakua sahani, akafunika nayo uso. Mwichi ulikuja kutoka juu, mwichi wa mti mgumu mrefu kama mtu, ukaipata sahani, na nyuma ya sahani ukalipata taya.

Alianguka, akainuka haraka kuliko ilivyotarajiwa, mdomo umekaa upande, bukari ya kijani machoni. Haoni, anarusha ngumi kwa mazoea. Ya kwanza ilipiga kabati. Ya pili ilimpata Clotilde puani, akaruka nyuma akavunja kitanda kwa mgongo wake, damu ikamjaa mdomoni yenye ladha ileile ya ufunguo. Akarudi. Alimpiga bega, mfupa wa juu ya kifua ukaitika. Alimpiga paja. Numbi alishika mwichi kwa mkono uliobaki mzima, wakavutana, kila mmoja anamvuta mwenzake ukutani, picha ya ndoa ikaanguka, wakaikanyaga, vioo vikaingia nyayoni mwa Clotilde na hakuacha. Alimpiga kichwa cha tumbo. Numbi alimkaba shingo. Mlangoni alifika Bertin, jirani, mwanaume wa kanisa na wa mwili, ambaye angeweza kuwatenganisha kwa mkono mmoja. Lakini kuona mukwe na mukwe wameshikana hivyo ni kuona uchi. Bertin aligeuka mgongo kwa adabu, akaanza kuwashauri huku akitazama barabara.

Kilichowaachanisha ni kimya. Laure alikuwa amenyamaza. Walipotazama, midomo yake ilikuwa rangi ya jivu, na macho yamepinduka.

Numbi alimshika miguu, Clotilde mabega. Hakuna aliyesema shika. Walitoka naye kupitia mbele ya Bertin, damu ya wote wawili ikidondokea gauni la Laure, wakasimamisha pikipiki ya kwanza, na dereva alipoona nyuso zao hakuuliza bei.

Hospitalini walisema jiwe limeingia kwenye damu na linapasua ile kidogo iliyokuwapo. Ilikuwa sita, sasa imefika nne. Walimtia maji kwa mshipa, wakamtia damu ya mtu, chupa mbili. Danielle aliweka kipembe chake cha mti juu ya tumbo la Laure, akainamisha sikio, na Clotilde akauma kanga yake. Kisha Danielle akainua kidole kimoja, akaanza kukipigisha hewani: tu, tu, tu, tu. Moyo wa mtoto ulikuwapo.

Numbi alilazwa chumba cha pili, taya limefungwa kwa bandeji kuzunguka kichwa, fundo juu kama zawadi. Danielle aliomba awe yeye anayembadilisha bandeji. Hakulipiza kisasi kwa mkono, alilipiza kwa maneno, kwa kuwa mgonjwa asiyeweza kufungua mdomo ndiye msikilizaji aliyemtamani maisha yake yote.

"Chuma ya reli na chuma ya damu ni jina moja," alimwambia, akivuta bandeji kuliko ilivyohitajika. "Sasa weye, reli unaikulaka? Mwili iko nataka shaba kweli. Iko nataka cobalt. Lakini kama vumbi ya pa kucha, hapana kijiko. Na haitakake kutoka mu jiwe. Matembele njo creuseur ya mwili. Inashuka na mizizi yake chini, inatoa chuma, inapandisha mu jani, inasafisha. Ng'ombe anakula majani, samaki anakula ya mu maji, banatuchimbia. Siye tunakula ile banatoa. Weye ulitaka kuruka bote, ukatia Laure shimo yote mu tumbo."

Numbi alitoa sauti puani. Labda lilikuwa jibu. Danielle akafunga fundo.

Laure alitoka baada ya siku tisa na damu ya saba na nusu. Zilizobaki zilikuwa wiki tano, na chupa nyingine hospitali haikuwa nayo. Iliyobaki kupandishwa ingepandishwa kwa sahani. Laure akahamia chumba cha nyuma, na Clotilde akatangaza utawala. Pemba ilitupwa. Chai ikafukuzwa mezani. Vidonge vyekundu vilitolewa vipya, Clotilde akavitunza ndani ya sidiria yake, mahali ambapo hakuna mukwe angevitafuta. Lengalenga, sombe, samaki wadogo na vichwa vyao, ndimu juu ya kila kitu hata juu ya uji. Laure akilalamika, Clotilde alimwonyesha pua yake iliyopinda, wakaelewana.

Jumapili ya kwanza ndipo ilipofika familia ya Numbi kutoka Kapolowe. Walikuwa wanaume watatu, mbele yao Symphorien, mjomba wake, mwenye koti na fimbo. Hawakuuliza habari za damu. Walikuja kwa sababu mama mukwe ameingia chumba cha mukwe, amemtazama uso, ametaja jina lake, tena amempiga na mwichi. Kila kosa na ukubwa wake, na yote kwa pamoja yanaitwa mbuzi.

Clotilde hakubisha. Sheria ilikuwa ya babu zake pia. Alitoa mbuzi, akachinjwa uani, na kwa desturi maini yalipikwa pembeni kwa ajili ya aliyekosewa, kwani akiyala yale, hasira imeisha. Clotilde aliyapika mwenyewe kwa kitunguu na nyanya. Alipoyakatakata aliwaza jambo ambalo Danielle alimwambia, kwamba kwa mtu aliyemaliza damu, hakuna shimo la minerai linaloshinda maini: chuma kimo, vitamini ya majani imo, na ile cobalt ya Willy imo, imeshatwangwa na Mungu. Akaikamulia sufuria ndimu mbili. Watu wa Kapolowe wakamwangalia.

Sahani iliwekwa mbele ya Numbi, aliyekuwa amesharudi kutoka hospitali. Numbi aliitazama kwa macho ya majonzi. Taya limefungwa, alikuwa anaishi kwa uji na mrija. Symphorien akakohoa, akasema kwamba aliyekosewa asipoweza kula, mjomba wake anamlia. Akavuta sahani.

Laure alisimama kutoka kwenye mkeka wa wanawake. Alitembea bila kupumzika njiani, akachukua sahani mikononi mwa mjomba, akaweka kipande cha kwanza mdomoni palepale.

"Ni minye nilikosewa," alisema akitafuna.

Symphorien alimpiga kofi la sikio. Lilikuwa kofi zito, Laure akayumba hadi ukutani, lakini sahani aliishikilia wima. Clotilde alikuwa ameshanyanyuka. Hakuwahi kufika. Numbi, aliyekuwa amefungwa kichwa na kufungwa bega, alimfikia mjomba wake kwa mkono mmoja, akamkamata koo juu ya tai, akamrudisha nyuma hatua tano mpaka akamkalisha ndani ya sufuria ya bukari iliyokuwa inachemka.

Yule mzee alipiga mlio ambao Bertin aliusikia kanisani. Wanaume wawili wa Kapolowe wakamrukia Numbi. Mmoja alimpiga kwenye bandeji, Numbi akaona nyota, akamtia kisigino gotini, goti likaenda upande usio wake. Wa pili alishika fimbo ya Symphorien, akampiga Numbi mgongoni mara tatu, ya nne Clotilde akaipokea kwa mfuniko, akamrudishia na mfuniko huohuo ukingoni mwa sikio. Mkaa ulimwagika, mkeka ukashika moto, mbuzi wa jirani akakata kamba na kukimbia. Numbi alikuwa chini, wawili juu yake, anapigwa mbavu, na kutoka kwenye meno yaliyofungwa anatoa sauti moja tu, "Mm! Mm!", mkono ameunyoosha kumwelekea Laure, akimwonyesha sahani.

Alikuwa anamwambia ale.

Laure alikula. Alikula mgongo ukutani, kwa vidole, sikio linavuma, bila haraka, anatafuna kila kipande na kukimeza, na alipomaliza akafuta mchuzi kwa mkate. Kisha akauliza figo ziko wapi.

Watu wa Kapolowe waliondoka kabla ya jua kuzama, mmoja anachechemea, mmoja amesimama kwenye lori njia nzima maana hakuweza kukaa. Waliacha nyama yote. Clotilde aliikausha, akaitoa kidogo kidogo. Numbi alibaki na mbavu mbili mbaya, akarudi chumba cha mbele peke yake, kwani Laure alisema hatarudi huko mpaka azae na aone. Kila asubuhi aliacha mlangoni fungu la matembele, yameoshwa, jani kwa jani, bila punje ya mchanga. Hakugonga.

Wiki ya saba Danielle alichoma kidole. Tisa na nusu. Wiki ya nane, kumi na moja kasoro nusu. Danielle alikageuza kamashine kake mara mbili kwa kutokaamini.

Uchungu ulimshika Laure siku ya soko, na haukuwa wa upole. Mtoto alikuwa mkubwa, alikuja na bega mbele, Danielle aliingiza mkono akamgeuza, Laure akapiga teke meza ya vyombo. Mtoto wa kike alipotoka, damu ilitoka nyuma yake, nyingi, ikashuka kitandani ikafika sakafuni, na Clotilde aliyekuwa ameshika kichwa cha binti yake aliiangalia ikienda, akakumbuka neno la Danielle kuhusu ya kubakia. Danielle alikandamiza tumbo kwa ngumi zote mbili, kwa uzito wake wote mdogo. Laure akageuza shingo, akatafuta kitu cha kuuma, akapata mkono wa mama yake.

Meno yaliingia mpaka kwenye nyama. Clotilde alisikia ngozi ikipasuka, akasikia taya la mtoto wake linakaza, linakaza tena, taya ambalo karibu miezi miwili nyuma halikuweza kuzuia kijiko. Muuguzi kijana alikuja kumnusuru.

"Wacha," alisema Clotilde. "Wacha aume."

Damu ikapungua, ikawa matone, ikasimama. Laure aliachia, akapumua, mashavu yake yamelowa, na baada ya damu yote ile bado yana rangi. Clotilde alisogea dirishani, kwenye mwanga, akahesabu alama za meno mkononi mwake. Kumi na mbili, zote za kina.